Mwani wa Bi Mize

Mwani unaokauka una harufu ya chumvi na uvundo kidogo, na jua likipanda huingia nguoni ikakaa humo hata baada ya kufua. Nilipokuwa darasa la tano, nyumba yetu ya Uroa ilinuka hivyo kutwa, ingawa sisi hatukulima mwani. Aliyelima ni jirani yetu, Bi Mize, ambaye aliuanika uani kwetu kwa sababu kwake hapakuwa na nafasi. Mama yangu, Bi Tatu, alifuga chaza. Baba alikuwa ameshaondoka, na chaza ndio waliokuwa tegemeo letu. Kila bamvua, maji yakitoka hadi karibu na mwamba wa matumbawe, wanawake hao wawili walishuka pwani pamoja. Mashamba yao yalikaribiana kiasi cha kusemezana bila kupaza sauti: vigingi na kamba za Bi Mize upande mmoja, vikapu vya nyavu vya mama upande wa pili.

Shule zilipofungwa, nilishuka nao. Siku moja mama alifungua kikapu, akamtoa chaza, na ganda likamvunjikia mkononi kama la yai. Akamtoa mwingine, naye vilevile. Wengi walikuwa wameshakufa. Waliobaki walikuwa wadogo, maganda yao meupe na mepesi, ukiwaweka kwenye mwanga unaona kivuli cha kidole chako upande wa pili. Mama alikaa ndani ya maji yaliyomfika kiunoni, akitazama kamba za Bi Mize zilizojaa mwani.

Wiki ile wanawake wa pwani walipokutana barazani kwetu, mama alisema mbele ya wote.

"Tangu Mize aongeze kamba, chaza wangu wanakufa. Mwani wake unaniharibia maji."

"Mwani wangu miye?" Bi Mize aliuliza. "Tatu, una hakika na unalolisema?"

"Nna hakika."

Bi Mize hakubishana. Bamvua iliyofuata aling'oa vigingi vyake vyote, kimoja kimoja, akavibeba kichwani hadi kwake. Uani kwetu hakuanika tena. Bibi yangu alipofariki alikuja matangani, akasoma Kurani pamoja na wenzake, akaondoka bila kula. Kwa desturi yetu hilo ni neno zito kuliko matusi.

Chaza hawakupona. Wale waliowekwa baada ya mwani kung'olewa walikufa upesi zaidi, na kabla ya mwaka kwisha mama aliviuza vikapu, tukahamia Mpendae, mjini, akawa anashona nguo.

Mimi nilisoma, na leo kazi yangu ni kupima maji mafupi yaliyo kati ya pwani na mwamba, Uroa ikiwemo. Bahari hunyonya sehemu ya hewa ya ukaa itokayo kwenye moshi wa viwanda na magari ya dunia nzima. Hewa hiyo huyasogeza maji kwenye tindikali, na kiumbe anayejenga ganda la chokaa hupata taabu kulijenga. Mimea ya baharini, mwani ukiwemo, huivuta hewa hiyo mchana wakati wa jua, hivyo maji yaliyo karibu nayo hupata nafuu kwa saa kadhaa.

Mwaka jana nilimweleza mama hayo. Alisimamisha cherehani.

"Kwa hivyo mwani wa Mize ulikuwa ukiwasaidia?"

"Huenda. Hakuna aliyepima maji wakati ule."

"Nambie ndiyo au siyo."

"Huenda, mama."

"Mimi sikumwambia huenda," alisema.

Ijumaa iliyofuata tulikwenda Uroa. Bi Mize alikuwa kibarazani akichagua mchele. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kana kwamba nilimwamkia na jana. Mama alimweleza yote akiwa amesimama, na mwisho akamwomba radhi. Bi Mize alisikiliza bila kuinua macho kwenye ungo.

"Na chaza wakiwekwa leo, watakua?" aliuliza.

Mama alinitazama mimi. Nilisema kwamba sasa itakuwa vigumu zaidi. Maji yanaendelea kubadilika.

"Basi hata mwani wangu usingewatosha," alisema Bi Mize. "Keti, Tatu. Umesimama tangu umekuja."

Nina daftari la vipimo. Naweza kusema maji ya Uroa yakoje alfajiri na yakoje alasiri, mwaka huu na mwaka jana. Ya utoto wangu siwezi kuyasemea. Ninachojua ni kwamba chaza wa kwanza wa mama walikuwa na maganda ya kukata kidole, na mpaka leo nina kovu. Wa siku hizi nawashika bila glovu.