Mwenye Picha Ajaze Jina

Barua ilifika asubuhi, kabla fundi hajatia uzi kwenye cherehani. Aliisoma kwenye kompyuta amesimama, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, kisha akaketi, akaisoma tena.

Kwa miaka ishirini na sita mwanamke huyu ameshona sare za shule katika chumba hiki chenye dirisha moja. Miaka sita ya mwisho amekuwa pia msimamizi wa mtandao wa mafundi nguo na jamaa zao, watu mia tatu na kitu, unaokaa ndani ya kompyuta aliyoachiwa na marehemu mumewe. Si mtandao wa kampuni. Umeungana na mamia ya kompyuta kama hiyo, kila moja na watu wake na msimamizi wake, zinazopelekeana habari; kinachowekwa kwake asubuhi, mchana kimeshanakiliwa kwa majirani asiowajua hata sura. Yeye hufuta matusi na utapeli. Shemeji yake mmoja aliwahi kufungiwa naye wiki nzima kwa mdomo mchafu, na hadi leo salamu zao ni za nusu.

Barua ilihusu picha iliyowekwa kwenye mtandao wake, ya ukuta wa wodi mpya ya wazazi. Ufa umeupasua toka dirishani hadi sakafuni, na mtu ametumbukiza humo kiganja kizima. Kampuni iliyojenga ilidai picha ni mali yake. Ifutwe, au aliyeiweka, anayejiita Dekio, athibitishe kuwa ni yake kwa kujaza fomu: majina matatu, anapoishi, anapofanya kazi, sahihi. Fomu atapewa mlalamikaji. Mwisho saa kumi jioni; baada ya hapo serikali itaombwa kuizuia kompyuta. Majirani wawili walishazuiwa mwezi uliopita, na wasimamizi wao hawajasikika tena.

Dekio alikuwa wifi yake, msafishaji wa wodi ile ile. Alifika saa nane.

"Lete hiyo fomu, wifi. Nijaze."

"Kaa kwanza."

"Sikai. Picha nimepiga mimi, kwa simu yangu. Imekuwaje mali yao? Walikuja kunishika kidole nibonyeze?"

"Sheria iko upande wako."

"Basi."

"Na fomu inakwenda kwao."

Wifi akakaa.

"Jana mkuu wa usafi alikusanya simu zetu," akasema. "Akazipekua mbele yetu, moja moja."

"Yako je?"

"Nilishaifuta siku ile ile. Mwoga mimi, unanijua. Hata jogoo ananikimbiza."

Fundi hakucheka. Picha halisi, yenye tarehe na saa ambazo nakala za majirani hazina, ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, ndani ya kompyuta iliyo chini ya rafu yake ya vitambaa. Akiifuta, wifi hatakuwa na cha kuonyesha kwamba ni yake. Asipoifuta, watakaokuja kuchukua kompyuta watakuta humo namba ya simu ya wifi.

Gari likasimama nje. Mlango ukafungwa. Nyayo zikaja, zikapita.

"Vitanda vya wazazi vimeegemea ukuta ule," wifi akasema, sauti imeshuka.

"Najua."

"Na mimi nina wanangu."

"Najua, wifi."

"Usiniambie unajua. Niambie nifanye nini."

"Ukijaza, nitapeleka. Ukisema nifute, nafuta na akaunti yako, isibaki hata namba. Ila nakala za majirani siwezi kuzifuta. Nitawaomba tu."

"Wakikataa?"

"Watakataa. Hata mimi ningekataa."

Saa kumi kasoro dakika tano wifi akasema, "Futa."

Kompyuta ikauliza sababu, ambayo kila mtu angeisoma. Fundi akaandika: *Kwa ombi la mwenye picha.* Wifi akaisoma polepole, midomo ikitembea.

"Watajua ni mimi?"

"Watajua mwenye picha yupo."

Fundi akafungua mtandao wa jirani mmoja, ahakikishe. Picha ilikuwapo bado. Juu kidogo ya ufa, kwenye kifundo cha mkono wa wifi, palikuwa na alama ya kuungua, ambayo wote wawili walikuwa wameizoea mno hata hawakuwa wakiiona tena.

Wakaitazama.

"Una kitambaa cha bluu, kama cha sare yetu?" wifi akauliza hatimaye. "Nirefushie mikono ya sare, ifike hapa." Akagusa kifundo.

Zamu yake ilianza saa kumi na moja. Fundi akachukua mkasi, akashindwa kukata mstari ulionyooka.