Kuishi kwa Karamu

Pikipiki ilizimwa nje, kisha nikamsikia Shangazi Nekesa akicheka na mwenye boda kabla sijamwona. Alikuwa ametoka Bungoma kuja kwetu Kitale kumwomba Baba, kaka yake, baraka ya kuacha ualimu ili aandike hadithi za mazimwi.

Nilikumbuka alasiri hiyo juzi, nilipoona dukani kitabu cha watoto kuhusu maisha ya mwandishi wa hadithi kama hizo. Shangazi naye alikuja na kitabu cha namna hiyo, kikinuka mahindi mabichi aliyokibeba nayo mkobani. Alimsomea Baba kwa sauti jinsi mwandishi yule alivyoacha kazi, "akaishi kwa karamu yake."

Ulimi wake wa Bungoma uligeuza kalamu kuwa karamu, nami nikaona meza ya kuku na chapati, kila siku ya Mungu.

"Na wewe utakula nini, Nekesa?" Baba aliuliza. "Hayo mazimwi?"

"Si amesema, Baba," nikadakia. "Atakula karamu!"

Mama alicheka hadi akashika ukuta. Mimi nilidhani nimemtetea shangazi.

"Unaona? Hata mtoto anakucheka," Baba alisema. "Rudi ukafundishe, bana."

Shangazi alinipakatisha kitabu, akaweka kidole kwenye neno lile. "Soma mwenyewe, mama."

Nilisoma polepole, herufi moja moja. Nilipofika ya mwisho, mlango ulikuwa umeshafungwa nyuma yake.