Boti ya Faiba Iliyonyweshwa Maji

Mradi wa uvuvi ulipofungwa, wafanyakazi waliopunguzwa waliambiwa kila mmoja achague kitu kimoja ghalani aende nacho nyumbani. Wengine walichagua mabati, wengine baiskeli, mmoja alibeba meza na kiti chake cha ofisini. Mume wangu alichagua boti. Wala si boti ya injini, maana injini zilikwishapata wenyewe kabla ghala halijafunguliwa. Alichagua kijiboti cha faiba chenye mlingoti na tanga, ambacho mtaalamu mmoja wa kigeni alikuwa akistarehe nacho Jumapili, kisha akakiacha kifudifudi mchangani, na kwa miaka kuku wakawa wanatagia chini yake.

Nilikasirika na sikuficha. Nyumba yetu pale Lundo ilikuwa ya nyasi, na mabati yale nilikwishayaona yanang'aa juu yake. Mimi ni Mmatengo, nimezaliwa milimani Mbinga kwenye kahawa; mtu akitaja mali namwelewa akinionyesha shamba au paa. Mume wangu, mtu wa ziwani, alisubiri nimalize kufoka, kisha akanieleza kwamba boti ile ikitembea atabeba abiria na usipa wakavu, dagaa wa ziwa letu, kupeleka Mbamba Bay, na upepo hauna bei. Isipotembea, atawafuata wenzake Tunduru kwenye machimbo ya vito.

Waliokwenda Tunduru tuliwajua. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta mumewe alikwenda, na mpaka wakati ule hakujua ajiite mke au mjane. Tangu siku hiyo nikawa fundi boti.

Tuliikwangua rangi ya zamani kwa visu butu na msasa. Vumbi la faiba linawasha kama upupu, tena upupu una huruma. Nilioga ziwani nikarudi bado najikuna, na watoto nao wakajikuna kwa kulala nami. Ilikuwa miaka ya ruksa. Zamani kopo la rangi ulilitafuta kwa kibali cha mkubwa. Sasa maduka ya Mbinga mjini yalipanga rangi mpaka barazani, ila wanunuzi ndio tulioadimika. Niliuza mbuzi wangu nikapanda lori la kwenda huko. Nikarudi na rangi ya bluu, na nyeupe kidogo, na gundi ya faiba pamoja na dawa yake ya kuigandisha.

Niliporudi, boti haikuwepo mchangani. Baba mkwe alikuwa amepita kuikagua. Mzee yule alichonga mitumbwi tangu ujana wake, na kwa watu wa ziwani mtumbwi uliokaa juani hauingizwi kazini hivihivi. Unazamishwa kwanza maji ya kina kifupi, unajazwa mawe, mti unywe maji mpaka nyufa zijifunge. Basi na boti yetu, ikiwa imekwanguliwa na nyufa zake wazi, ilikuwa imelala chini ya maji na mawe tumboni, na wanaume wamesimama ufukweni wameridhika.

Tulipokuwa wawili ndani nilimwambia mume wangu kwamba bakuli la plastiki halinywi maji hata ulitie kisimani mwaka mzima. Alicheka, akaniuliza mtu wa milimani amejulia wapi vyombo vya majini. Mbele ya mzee mwenyewe nisingethubutu, mkwe hamsahihishi baba mkwe. Na kusema kweli sikudhani ingedhuru. Niliona ni kazi bure tu, na kazi bure nilikuwa nimeizoea.

Ilikaa humo mpaka mwezi mwingine ukaandama. Kuitoa kulihitaji wanaume wengi kuliko walioizamisha, na mzee alifurahi kuona hivyo, akasema chombo kimeshiba. Ikaanikwa siku chache, tukaziba nyufa kwa ile gundi, tukapaka rangi. Sitadanganya, ilipendeza. Ubavu wa bluu, ukingo mweupe. Nilikaa mchangani nikaitazama jioni nzima, nikajiona mwanamke mwenye mume.

Jua la kesho yake likaiumua. Ubavu wote uliota malengelenge, makubwa kwa madogo, kama mtu aliyemwagikiwa uji wa moto. Mume wangu alichukua msumari akatoboa moja. Maji yakatoka. Akatoboa jingine, maji. Ndipo tulipojua kwamba faiba ile ilikuwa ngozi mbili, na katikati kulikuwa na kitu laini kama sponji ya godoro. Sponji ndiyo iliyonywa, na sisi tukaifungia maji yake ndani kwa gundi na rangi.

Tuliishusha hivyohivyo. Kukata tamaa nako kuna ukaidi wake. Ilielea ikiwa imezama nusu, imeinamia upande mmoja. Tanga lilijaa upepo vizuri kabisa, ila boti ilisogea polepole mno hata watoto waliokuwa wanatembea majini wakawa wanaipita. Mwanzoni watu walicheka, kisha wakaacha, na kule kuacha kwao kuliniuma zaidi.

Baba mkwe alikuja akapapasa yale malengelenge kwa viganja vyake viwili. Alifikiri sana.

"Irudisheni majini, mwanangu," alisema. "Haijashiba."

"Ndiyo, baba," mume wangu akajibu, kwa heshima zote.

Nilimsikia alivyosema, nikajua amekwishaondoka. Nilimwambia tungoje kiangazi, tuitoboe yote, tuikaushe, tupake upya. Hata mimi sikuyaamini niliyokuwa nayasema. Rangi ilikuwa imekwisha, na mbuzi wa kuuza hakuwepo.

Aliondoka na lori la mahindi lililokuwa likipitia Kitai kwenda Songea, njia ya Tunduru. Hakurudi. Waliotoka huko machimboni baadaye, kila mmoja alisema amemwona mahali tofauti, na wa mwisho alisema hamjui.

Asubuhi ile ya kuondoka alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake.

"Mama watoto, nikipata jiwe moja tu, narudi."

Nilitaka kumwambia abaki, tule mihogo yetu na umaskini wetu. Badala yake nikamwambia achukue blanketi, huenda huko kuna baridi. Akaingia ndani, akawafunua watoto taratibu wasiamke, akalikunja, akaenda nalo.