Nilivyofundishwa Kumkazia Mzee Macho

Mpaka leo mtu akinitamkia neno "kujiamini" nasikia kichefuchefu. Si utani. Nilisomea elimu ya wanyama chuoni Arusha, nikapasua panya, nikahesabu meno kwenye mafuvu, nikavumilia semina za utafiti za kila Ijumaa ambako nusu ya wasikilizaji walikuwa wanasubiri chai na sambusa. Lakini kilichoniharibia kazi niliyoitaka kuliko zote si panya wala mafuvu. Ni mafunzo ya kutwa moja, tena ya lazima.

Kazi yenyewe niliisikia kwenye mojawapo ya semina hizo. Mama mmoja mtafiti, mpole, alituonyesha picha za fisi wa upande wa kwetu, magharibi ya Mlima Meru. Huko fisi wanaingia zizini wanabeba mbuzi, na wenye mbuzi wanawategea sumu. Mwishoni akasema anatafuta msaidizi mmoja anayeijua lugha ya huko, wa kwenda kwenye maboma ya wafugaji kukaa na wazee na kuzungumza nao. Jamani! Moyo uliniruka. Baba yangu mwenyewe amebebewa mbuzi na fisi hao. Nimekulia humo humo, lugha nimeinyonya kwa mama, nafasi hiyo ilikuwa yangu kabisa. Nyumbani sikusema kitu. Nilitaka niwaambie nikiwa nimeshaipata.

Sasa chuo kikasema kila anayekwenda kwenye usaili apitie kwanza mafunzo ya kujiandaa na ajira. Wakatuletea mkufunzi kutoka Dar, viatu vinang'aa, makamo ya baba yangu. Akaniita mbele nionyeshe ninavyoingia kwa bosi. Nami, bila hata kufikiri, nikamwinamishia kichwa. Kwetu ndivyo ilivyo: binti hampi mzee mkono, anainama, mzee anamwekea kiganja utosini, basi, mmeshaamkiana. Darasa zima likaangua kicheko. Mkufunzi akauliza kama nimeangusha hereni.

"Bosi hakukuita ili aone nywele zako," akasema. "Kichwa juu! Mtazame machoni! Mkono, mshike kwa nguvu! Na akikuuliza wewe ni nani, jiuze!"

Nijiuze, eti. Kama nyanya za sokoni Tengeru. Akanirudisha mlangoni, nikaingia tena, na tena, mpaka akaridhika na nikapigiwa makofi. Masikio yalikuwa yananiwaka kwa aibu, lakini niliamini kwamba watu hawa wameletwa kwa sababu wanajua dunia ya kazi inavyokwenda. Kule Sekei, mwenzangu niliyepanga naye chumba akawa ndiye bosi, mimi naingia mlangoni na kumminya mkono hadi akalalamika.

Siku ya usaili niliingia ofisi ya mradi wa fisi kichwa juu. Mezani alikuwepo yule mama mtafiti, na kando yake mzee wa kwetu, makamo ya babu yangu, shuka begani na fimbo magotini. Sikuwa namfahamu, lakini ndewe za masikio yake, zilizotobolewa na kuning'inia, zilitosha kuniambia anakotoka. Mama akanieleza kwamba mzee huyu ndiye atakayemtambulisha msaidizi kwenye maboma. Mungu ni shahidi, shingo yangu ilitaka kuinama yenyewe. Nikaikatalia. Nikamnyooshea mzee mkono, nikamkazia macho, nikasema, "Habari za asubuhi." Hata shikamoo sikutoa!

Mzee aliutazama ule mkono. Akaugusa kidogo, akauachia.

Mama akaniuliza kuhusu fisi, nikajibu vizuri mno. Kwa nini kinyesi chao kikikauka kinakuwa cheupe, unyayo wao unatofautianaje na wa mbwa, vyote nilimpa, na alikuwa anatabasamu. Kisha mzee akauliza swali lake moja tu, kwa lugha yetu: "Wewe ni mtoto wa nani?"

Swali jepesi hilo. Ningemtaja baba, mambo yangekwisha. Mimi nikajiuza. Kwa lugha hiyo hiyo yetu nikasema mimi ni mtaalamu wa wanyama, mchapakazi, ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Mzee akamgeukia mama na hakuniangalia tena.

Baada ya siku chache yule mama mtafiti akanipigia simu, sauti ya kuomba radhi. Kwa fisi nilikuwa wa kwanza, akasema, ila mzee amekataa katakata. Hawezi kumpeleka majumbani mwa watu binti asiye na adabu. Asiye na adabu, mimi! Nilikwenda hadi ofisi ya ajira pale chuoni kulalamika. Wakaniambia labda sikujiamini vya kutosha, na kwamba kuna mafunzo mengine mwezi ujao. Loh! Nilibamiza ule mlango na sijutii.

Nikaenda nyumbani angalau nipumue. Baba alikuwa ametoka mnadani, amechangamka, ana kituko cha kusimulia. Amekutana na mzee mmoja wa kijiji cha juu, na mzee huyo amemwambia kuwa huko mjini yupo binti anayeongea lugha yetu vizuri kabisa, lakini amemkodolea macho na kumbana mkono kama dalali wa ng'ombe. Na alipoulizwa ni mtoto wa nani, hakumtaja baba yake. Mama yangu akaguna. Mimi nikainamia sahani yangu.

"Wasomi hao," baba akasema, akinitazama kwa fahari. "Nashukuru wangu hayuko hivyo. Ila huyo baba nimemhurumia, jamani. Kukanwa na mtoto wako mwenyewe mbele ya mzee!"

Nikamjibu kwamba hata mimi namhurumia, nikaondoka kwenda kuwafungia mbuzi.