Miguu ya Bunduki ya Afande Mwita

Ta! Halafu tena, ta! Ni sauti ndogo ya chuma chepesi kinachofunguka kwa springi, lakini wiki iliyopita nilipoona inakotoka, kikombe cha chai kilinitoka mkononi. Mdogo wangu Ouma, ambaye ni askari wa wanyamapori, alikuwa amekaa sebuleni kwangu hapa Migori akinionyesha miguu miwili ya kuegemeza bunduki. Alikuwa amehangaika miezi mingi akitafuta iliyo nyepesi na ya bei ya mtu wa mshahara, na sasa ameipata, anaifungua na kuifunga kama mtoto aliyenunuliwa kiatu kipya.

"Inua uone, dada! Haina uzito hata kidogo!"

Nikakataa kuishika. Akanicheka sana. "Si bunduki hii, ni miguu tu. Miguu nayo inakutisha?"

Inanitisha, ndiyo. Ouma alikuwa hajazaliwa wakati ule, na nyumbani kwetu hakuna aliyemsimulia. Nawasimulia nyinyi kwanza. Nikimweleza yeye ataniuliza maswali ya kiaskari, nami sina majibu yake.

Nilikuwa na miaka kumi, nikiishi na nyanya yangu, Dani kama tunavyoita sisi, kwenye boma lake kando ya ziwa upande wa Homa Bay. Siku ya mbingu safi ungekiona kisiwa cha Mfangano chote, hadi miti ya mlimani. Mwaka ule kiboko mmoja dume, mwenye sikio lililochanika, alikuwa akitoka majini kila jioni kabla giza halijaingia. Mahindi alikula, mtama alikanyaga, na mwezi wa pili akamkanyaga jirani yetu aliyekuwa akitoka kuteka maji. Tulimzika yule mama bila kufunua jeneza.

Kila mtu aliogopa isipokuwa Dani. Kushoto kwa boma palikuwa na kaburi la mwanawe, Baba Mdogo Ochieng', mvuvi aliyezama kabla sijazaliwa. Juu ya kaburi uliota mti wa yago, ule wenye matunda marefu mazito yanayoning'inia kwenye kamba zake, na maua mekundu yanayonuka vibaya jioni. Dani alikuwa akienda kukaa pale kila siku jua likielekea kuzama. Anakaa chini, miguu ameinyoosha, anaongea peke yake. Na kiboko naye alizoea kupita pale pale. Nilimwona kwa macho yangu akisimama hatua chache kutoka kwa Dani, maji yanamtiririka ubavuni, hajilazi wala hali kitu. Nilikuwa nikipiga kelele hadi sauti inakauka. Dani hakugeuka hata mara moja.

Nilijua atauawa. Nilikuwa nikienda shuleni nikilijua hilo, narudi nikikimbia nione kama bado yupo.

Basi ofisi ya wanyamapori ilipomtuma Afande Mwita, nilifurahi kuliko siku ya Krismasi. Alikuwa Mkuria mrefu, mpole, mwenye bega la kushoto lililowahi kuvunjwa na nyati. Alikuja na pikipiki na bunduki ya kuwindia ya zamani, ya kitako cha mbao, ya enzi zile watu walipokuwa wakipewa leseni ya kuwinda. Lakini bega lile halikuweza kuishikilia muda mrefu, mdomo wa bunduki ulianza kutetemeka. Ofisini walikuwa na miguu ya chuma, mizito, na mguu mmoja umepinda. Mipya aliiulizia mjini, na alipotuambia bei mwenyewe alicheka hadi akakohoa.

"Mimi natembea sana," alisema. "Nataka kitu chepesi, na cha bei yangu. Na bei yangu ni bure."

Akanieleza anachotaka: fito mbili zilizonyooka, zinazolingana, azifunge kwa mpira wa tyubu ya baiskeli shubiri moja kutoka juu. Ukizitanua chini zinasimama, na juu pale zinapopishana bunduki inalala. Zisiwe nzito, zisilie zikigongana, maana kiboko ana masikio makali. Kazi ya kutafuta akanipa mimi. Nilimletea kila kitu, wenzangu. Mkaratusi akasema ni mzito. Mabua ya mafunjo yakapinda. Fito za paa la jikoni zilikuwa na vifundo. Kila ufito aliuweka kwenye viganja, akafumba macho, akaupima, halafu akautupa kando. "Tafuta tena, Akinyi."

Siku ya tatu nikachukua panga.

Nilikuwa nimekatazwa kuugusa ule mti. Hakuna aliyenieleza sababu, niliambiwa tu usiguse, usipande, tunda likianguka usiliingize ndani ya nyumba. Lakini upande wake wa chini palikuwa na matawi mawili yaliyokauka yakiwa bado mtini, yamenyooka kabisa, na niliwahi kuokota kipande chake nikajua kilivyo chepesi. Nikajiambia, Baba Mdogo hawezi kukasirika, ni mama yake tunayemwokoa. Nikakata. Nilipokata la pili nikahisi kama mtu ameshusha pumzi nyuma ya shingo yangu. Nikageuka, hakuna mtu. Upepo haukuwepo, na lile tunda moja kubwa lilikuwa linabembea.

Afande alipoyashika alifumba macho muda mrefu. "Hii sasa ndiyo," akasema. "Umeitoa wapi?"

"Huko," nikasema, nikaonyesha upande usio wenyewe.

Jioni ile akamwambia Dani akae jikoni asitoke kabisa. Dani akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Sawa Afande, mimi nakaa." Mimi nikaamriwa nikae naye nimchunge. Nilimchunga kidogo. Alikuwa anachambua maharagwe, ametulia, hata ananung'unika wimbo wa kanisa. Lakini nilitaka kuona fito zangu zikifanya kazi. Kiburi cha mtoto hicho, sina jina jingine. Nikateleza nje, nikatambaa hadi nyuma ya jiwe alipolala Afande.

Jua lilikuwa limeshuka, ziwa limekuwa rangi ya majivu. Kiboko alitoka bila sauti. Akapanda moja kwa moja hadi kwenye yago, akasimama mbele ya shina, ubavu umetugeukia. Hata mimi ningempiga. Afande akaweka shavu kwenye kitako.

Ndipo mdomo wa bunduki ukaanza kwenda kushoto.

Ulikwenda polepole. Afande akaurudisha. Ukaenda tena. Akanong'ona kitu kwa Kikuria, akakaza mpira, akazishindilia fito ardhini kwa kiganja mpaka zikazama, akalenga mara ya tatu. Mimi nilikuwa karibu kuliko nilivyo karibu na meza hii. Hazikuteleza. Ncha niliyoichonga mwenyewe ilijizungusha udongoni, na vumbi dogo likainuka kuizunguka, na bunduki ikageuka ikaelekea majini ambako hakukuwa na kitu. Afande alikuwa ameshaondoa mikono. Aliniangalia, nikaona jasho limemjaa kwenye kope.

"Huu mti umetoka wapi?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Nyuma ya shina la yago kulikuwa na mtu anasimama. Aliinuka kutoka chini, kidogo kidogo, mweusi. Nilijua ni Baba Mdogo. Nawaambia ukweli, sikudhani, nilijua kabisa, na suruali yangu ililowa. Halafu yule mtu akakohoa, na kikohozi kilikuwa cha Dani.

Alikuwa ametoka jikoni mara tu nilipompa mgongo. Alikuwa amekaa mahali pake pa kila siku, upande wa pili wa mti. Kiboko, shina, na Dani walikuwa kwenye mstari mmoja na bunduki.

Kiboko alipuliza pumzi, akageuka, akashuka ziwani bila haraka. Afande alitoa risasi kwenye bunduki, ikamwangukia miguuni na hakuiokota. "Mungu wangu," alisema. "Ningepiga mama. Akinyi, ningepiga mama ya watu!"

Dani alikuja pale tulipo. Hakumwangalia Afande. Alizichukua fito, akazinusa, akapitisha kidole pale panga lilipokata. Kisha akanishika mikono akaigeuza, akaona maganda ya yago kwenye kucha zangu. Nilijikunja nikingoja kofi. Alichofanya ni kulia, yowe moja refu, lile tunalolia msibani. Mbwa wa majirani wote wakaitikia.

"Yawa, nyakwara," akaniambia. Mjukuu wangu. "Umefanya nini? Umefanya nini?"

Akanishusha ziwani akaniosha mikono hadi viwiko, mara nyingi, yeye mwenyewe akiwa amesimama kati yangu na maji. Akafungua ule mpira, akazirudisha fito kaburini akazichomeka udongoni. Afande alikuja siku tano zaidi akiwa na gunia la mbolea lililojazwa mchanga, zito ajabu, akaegemeza bunduki juu yake akangoja. Kiboko hakuonekana tena kwetu. Baadaye watu wa Karungu walisema wamemwona wa sikio lililochanika upande wao, lakini viboko wenye masikio mabovu ni wengi.

Na Dani hakwenda tena kukaa kwenye yago. Kila jioni aliweka kigoda mlangoni mwa nyumba tuliyolala, akakaa hapo hadi nilale. Binamu zangu walipokuja likizo tulimtania. Tulisema bunduki imemtia adabu, sasa anamwogopa kiboko kama watu wengine. Alicheka nasi, kigoda hakukiondoa. Mimi nilifurahi moyoni, nikajiona ndiye niliyemwokoa, ingawa kwa makosa.

Nilikuwa mwanamke mzima, nina mtoto mgongoni, aliponieleza. Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Aliniambia kwamba Baba Mdogo hakupatikana kamwe. Walimtafuta hadi Mfangano, ziwa halikumrudisha, na desturi yetu ni kwamba mtu asiyepatikana huzikwa tunda la yago badala yake. Kaburini mle hamkuwa na mwanawe. Mlikuwa na tunda, likaota.

"Nililijua hilo kila siku niliyokaa pale," alisema. "Nilikuwa simfuati yeye pale, Akinyi. Nilikuwa nangoja yule mnyama. Alitoka kwenye maji yaliyomchukua mtoto wangu. Nilitaka anichukue na mimi."

Nikaacha kupukuchua. Nikamuuliza kwa nini basi aliacha, na kama ni risasi ndiyo iliyomtisha.

"Risasi?" Alicheka, hana meno ya mbele. "Mti wa kaburi uliukata wewe. Kama kuna kitu kingekuja kudai, kingekuja kitandani kwako. Nani angekuwa mlangoni?"

Akaendelea na mahindi yake. Mimi nilihesabu kimya kimya, tangu jioni ile hadi siku niliyoolewa nikaondoka pale. Miaka kumi na moja. Kila jioni, mvua ikinyesha, malaria ikimtetemesha, yule mama aliyekuwa amechoka kuishi aliketi mlangoni, mgongo kwangu, uso ziwani.