Kituo Kisichogusa Ufukwe wa Kasa

Nilizaliwa Njombe, nikakulia Tabata, na mpaka nilipofikisha miaka thelathini sikuwa nimewahi kuingia baharini maji yakapita magoti. Kwa hiyo bosi aliponipa kazi ya kuchora ramani ya kituo cha utafiti wa mazingira ya bahari, pamoja na ukumbi wa wageni, kwenye kisiwa kidogo ng'ambo ya Bunju, ofisi nzima ilicheka.

"Mtu wa milimani huyu," akasema mchoraji mwenzangu. "Atatujengea ghala la viazi."

Nilikasirika nikajifunza kuogelea. Mwalimu wangu alikuwa mtafiti wa mradi, dada wa Lindi aliyesomea viumbe wa baharini na asiyejua kabisa kubembeleza mtu. Nilikunywa maji ya chumvi Jumamosi nyingi, naye akisimama pembeni akinihimiza, "Acha kupigana nayo, sista! Lala!" Siku moja nikalala, maji yakanibeba.

Tulipovuka kwenda kisiwani alinipeleka upande wenye mchanga mweupe, pale pale bosi alipotaka ukumbi wa vioo na mgahawa. Mchangani palikuwa na mburuzo mpana kutoka majini hadi chini ya vichaka.

"Kasa amepanda kutaga," akasema. "Mkiwasha taa hapa, vitoto vikianguliwa vitafuata taa, viache bahari. Vitafia mgahawani kwenu."

Niliporudi nilichora upya. Kituo nikakihamishia upande wa pili, nyuma ya vichaka, kifupi, bila dirisha hata moja linaloangalia ule mchanga.

Bosi aliusukuma mchoro pembeni. "Wageni wanalipia bahari, binti, hawalipii vichaka."

"Basi watembee kidogo waifuate."

"Unanifundisha mie bahari? Wewe umejua kuogelea juzi!"

"Ndiyo, juzi. Wewe bado."

Sijui lilitokaje, ila sikulijutia.

Siku ya mkutano, Bunju, ukumbi ulijaa wakazi, na wafadhili walikaa mbele. Bosi alionyesha mchoro wa vioo. Mama mmoja muuza samaki akainua mkono: na kasa je? Bosi akatabasamu, akasema kisiwa kile hakina kasa.

Nikasimama. Nikashika kiti cha mbele yangu.

"Wapo," nikasema. "Nimeuona mburuzo wao. Na mchoro mwingine upo, nimeuchora mwenyewe."

"Kaa chini," akasema bosi.

"Sikai."

Nikaeleza yote nikiwa nimesimama, na mtafiti akaja kusimama kando yangu. Watu walipiga makofi. Wafadhili hawakupiga, lakini waliomba kuuona ule mchoro.

Jumatatu nilifukuzwa kazi. Nyumbani mama yangu alikaa kitandani akashika kichwa.

"Mwanangu, umeacha mshahara kwa ajili ya kobe?"

"Kasa, mama."

"Si kobe tu huyo!"

Kituo kinajengwa sasa, nyuma ya vichaka, kama nilivyochora. Kwenye kibao limeandikwa jina la bosi. Mwanzoni liliniuma, nikapitisha wiki nzima bila kula vizuri. Sasa nachorea watu nyumba zao huku Kinyerezi, na anayeniuliza kile kituo ni cha nani namwambia bila kupunguza sauti kwamba ni changu.

Jana mtafiti alinipigia simu, sauti imepanda. Wafadhili wanataka kuweka taa kule mchangani. Moja tu, wanasema, ya kupigia picha.

"Umewajibuje?"

"Nimewaambia nguzo yao wataichimbia juu yangu."

"Wanakuja lini?"

"Kesho asubuhi."

Nikamwambia wataikuta miili miwili, kisha nikaenda kumwomba mama anipikie chapati za kubeba. Alinung'unika sana, ila alizipika nyingi.