Mto Uliogeuzwa

Mama Pacha alikuwa na pua ambayo mumewe aliiita laana. Akiingia chumbani gizani, alijua ni pacha yupi aliyekojoa kabla hajamgusa. Na mwenye pua hiyo, riziki yake ilikuwa kusafisha ndege.

Zamani kazi ilikuwa na adabu. Kampuni ilibeba watu wa likizo, ndege ikitua inapumzika, nao wasafishaji wanaosha kiti kwa kiti. Kisha wakubwa wakagundua watu wa ofisi: mtu anapanda alfajiri kwenda kikaoni mji wa pili, na jioni yuko kwake anavua soksi. Nauli ikawa ya kutupa. Ndege ikawa haipoi. Ikiwatapika hawa inawameza wale.

Ndipo msimamizi wao, waliyempachika jina Bwana Tayari, akaleta mtindo wa kugeuza. Kiti kikichafuka usikioshe. Chomoa mto, ugeuze, upulizie manukato. Uchafu unalala chini, suti inakaa juu.

Mama Pacha akageuza. Akageuza mito yenye kahawa, yenye makohozi, yenye ubani uliotafunwa. Sakafuni aliokota kucha.

"Shoga, hizi kucha au magamba ya samaki?" mwenzake alimuuliza.

"Samaki ana haya," akajibu, akitema mate kwenye leso.

Nyumbani alijisugua mpaka ngozi ikamuuma, ndipo akawapakata wanawe.

Jioni moja alikuta abiria ametapikia kiti cha mbele. Akachomoa mto, akaugeuza, akaganda. Upande wa pili nao ulikuwa na matapishi, ya zamani, yamekauka na kupasuka kama tope la kiangazi. Mto ulikwisha kugeuzwa. Watu walikuwa wakikaa juu ya uvundo wakifungua kompyuta zao!

"Vipi, tayari?" Bwana Tayari alichungulia mlangoni.

"Baba, huu hauna upande safi. Tuutoe, tuweke mwingine."

"Stoo hakuna. Weka mkavu juu, mkavu haunuki."

"Unanuka!"

"Pua yako ndiyo inanuka, dada. Watu wako ngazini. Mkataba wako unaisha mwezi huu, nawe una midomo miwili nyumbani. Weka."

Mama Pacha akatazama nje. Mbele ya foleni alisimama mjamzito aliyejishika kiuno, akitamani kukaa. Akawakumbuka wanawe, maziwa yao, kodi. Akaushusha mto kitini. Harufu ikampanda puani.

Akaunyanyua tena, akaukumbatia kifuani.

"Ukitoka nao, usirudi!"

Akatoka nao. Alishuka ngazi taratibu katikati ya abiria, nao wakabana pua, wakajibanza pembeni, tai zikipepea.

"Lo! Ni nini hicho?" mmoja akafoka.

"Kiti chenu, kaka."

Mjamzito akautazama mto, akageuka, akaanza kushuka nyuma yake.